Ruti ya Upeponi kwenda Muze: jinsi neno "kushuka" lilivyokaribia kunihamishia mke Majengo

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, ambako ninaandika nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba.

Nitakachosimulia kimetokea mtaani kwangu, na nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Mke wangu ameusoma uzi huu kabla sijautuma. Palipokuwa na chumvi ameitoa, na mahali pamoja ameongeza la kwake. Nitawaonyesha ni wapi.

Na kabla hamjaanza kwenye komenti: hapana, hatuendi kazini kwa ungo. Tungekuwa na ungo, mimi nisingekuwa katibu wa kamati ya usafiri.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mizani. Wanunuzi wa mahindi na maharage huniita mizani zao zikianza kusema uongo. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Nina tabia ya kutaka kila kitu kiwe na kipimo chake. Kazini tabia hiyo inanilisha. Nyumbani inavumiliwa.

Tunakaa mtaa ambao kwenye kibao una jina la heshima, lakini watu wote wanauita Upeponi. Uko nje ya mji, upande wa barabara inayokwenda Kasesya mpakani. Viwanja vilipimwa huko kwa sababu ardhi ipo, na watu wa kipato cha kawaida tukapata pa kujenga. Lilikuwa jambo jema, nalisema bila kejeli.

Ila aliyepima alipima nyumba, akapima barabara, akapima hadi uwanja wa mpira, akasahau kwamba watu wa kwenye hizo nyumba asubuhi wanaondoka.

Kazi ziko Majengo. Nyumba ziko Upeponi. Katikati kuna upepo.

Mimi nina baiskeli. Mke wangu, Mama Editha, anashona sare za shule kwenye duka moja huko Majengo. Bodaboda akipanda kila siku, anakuwa anamshonea bodaboda. Kwa hiyo kiangazi anatembea. Masika pia anatembea, ila kwa maombi.

Masika yaliyopita aliteleza na furushi la mashati meupe ya darasa zima. Yalifika dukani yakiwa ya kahawia. Shule ile haina sare ya kahawia.

Basi kiangazi hiki, jioni moja tukiwa tunakula, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Editha, mvua zikianza nahamia Majengo. Nimeshaongea na mwenye chumba."

"Na nyumba?"

"Nyumba baki nayo. Mtatunzana."

Nilidhani ni maneno ya uchovu. Wiki hiyo hiyo ikaja bajaji, ikachukua cherehani yake ya nyumbani, ile ya kazi za jioni, ikaipeleka kwenye hicho chumba.

Wakuu, mke akihamisha nguo, bado mnaweza kuzungumza. Akihamisha cherehani, amehama. Kilichobaki ni mguu mmoja tu.

Nikaanza kusoma.

Nilisoma kwenye simu kila nilichopata kuhusu mipango miji. Nikajifunza kwamba usafiri wa haki ni ule unaomfikisha mtu wa pembezoni kazini, hospitali na shuleni bila kummalizia kipato wala muda. Nikafurahi sana. Nikamsomea mke wangu aya nzima. Akasikiliza hadi mwisho huku anapachika kifungo, akakata uzi kwa meno, akauliza:

"Na hiyo haki inapita hapa saa ngapi?"

Tukaunda kamati. Mwenyekiti akawa Mzee Telesfori, kwa sababu sauti yake inashinda upepo. Mimi katibu. Mjumbe akawa Mwalimu Ambakisye, aliyehamia kutoka Mbeya karibuni na alikuwa bado hajajifunza kukataa.

Tuliomba kwenye ofisi inayohusika, tukaomba tena, hatimaye wakamtuma ofisa. Nitamwita Bwana Bakari, ingawa si jina lake. Kijana mstaarabu sana, mzaliwa wa Tanga, mgeni kabisa Rukwa. Alikuja amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado alikuwa anapuliza viganja.

Mkutano uliitishwa uwanja wa mpira, Jumatano asubuhi. Kumbukeni hiyo Jumatano asubuhi, nitairudia.

Bwana Bakari alikuja na ramani kubwa ya mji, akaitandaza mezani. Upepo ukaitaka. Nikakimbia nyumbani, nikaleta mawe yangu ya mizani, nikaweka jiwe kila kona. Upepo ukaendelea kuitaka katikati. Kwa hiyo katibu wa kamati alisikiliza mkutano wote wa kihistoria akiwa ameilalia ramani kwa kifua, sikio moja limebanwa mahali fulani karibu na stendi.

Ndiyo maana sikusikia vizuri mazungumzo yafuatayo. Nimesimuliwa na Mwalimu, ambaye aliyasikia yote.

"Shikamoo mzee wangu," Bakari alimwambia Mzee Telesfori.

"Marahaba, baba."

"Tuanze na wewe mwenyekiti. Wewe unapanda wapi?"

"Muze."

"Na unashuka wapi?"

"Si huko huko Muze?"

Bakari akafikiri kidogo. "Yaani unapanda Muze, unashuka Muze."

"Sasa mwanangu, nishuke Muze halafu nikapande Mpanda?"

Watu wakacheka. Bakari naye akacheka kwa adabu, kama mgeni anavyocheka.

"Na hiyo kupanda, inakuchukua muda gani?"

"Inategemea. Nikipata vibarua, wiki moja. Nikiwa peke yangu, wiki tatu."

"Wiki tatu! Kupanda tu?"

"Kupanda tu. Kushuka ni asubuhi moja."

Bakari akamshika mzee bega. Mwalimu anasema macho ya kijana yalikuwa na maji, ingawa inawezekana ulikuwa upepo.

"Pole sana mzee wangu. Hili haliwezi kuendelea hivi."

"Ahsante baba. Na kiuno nacho kinauma."

Sasa niwaeleze ambao hamjaishi huku.

Sumbawanga iko juu, kwenye uwanda. Muze iko chini, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, na barabara yake inateremka ukuta wa milima kwa kona nyingi. Huko bondeni kuna joto na ardhi nzuri, na watu wengi wa huku juu tuna mashamba ya mpunga na ufuta. Kwa hiyo kwetu "kushuka" ni kwenda bondeni. Ndani ya gari tunashuka kama watu wengine wa nchi hii. Lakini ukimkuta Mfipa amesimama uwanjani, hana gari wala tiketi, ukamuuliza anashuka wapi, atakutajia shamba lake. Mjini hatushuki. Mjini tunaingia.

Na "kupanda" nadhani mnaelewa. Mvua zikikaribia, kupanda ni mbegu. Gari linasubiri zamu yake.

Kwa hiyo kijana alikuwa anauliza habari za gari, mzee anajibu habari za mpunga, na kila mmoja anamwona mwenzake ana akili sana.

Ubaya ni kwamba Mzee Telesfori alipoambiwa "hili haliwezi kuendelea", alielewa kwamba analetewa trekta. Akageuka, akalirushia neno kundi lote kwa Kifipa. Uso wa mkutano ukabadilika. Watu waliokuwa wanajiandaa kuondoka wakasogea mbele.

Bakari akatangaza kwa sauti:

"Ndugu zangu, ili tupate hesabu ya haraka, wote wanaoshuka Muze wasimame kulia kwangu. Wanaoshuka Majengo, kushoto."

Kulia pakajaa. Kushoto akabaki Mwalimu Ambakisye peke yake, ameshika kofia isipeperuke.

"Mwalimu!" mama mmoja akamwita, upepo ukiyapeleka maneno mbali na Bakari. "Unafanya nini huko? Njoo kwenye trekta!"

"Mimi sina shamba, mama."

"Utapata! Njoo, usijitenge!"

Mwalimu akaangalia kushoto kwake, hakuna mtu. Akaangalia kulia, mtaa mzima unamwita kwa mikono. Akavuka.

"Na katibu?" Bakari akaniuliza.

Nina kishamba cha mpunga bondeni. Nikanyoosha mkono kuelekea kulia bila kuinua kifua kwenye ramani. Nilijibu kwa usahihi kamili, na naomba hilo lizingatiwe.

Sasa turudi kwenye Jumatano asubuhi.

Mafundi cherehani, wabeba magunia, wauza duka, wafagizi wa hospitali, wasichana wanaofanya kazi kwenye hoteli, wote hawakuwepo. Walikuwa kazini. Mkutano wa watu wasio na usafiri wa kwenda kazini uliitishwa saa ambayo wenyewe wako kazini, wamefika kwa miguu. Tuliobaki uwanjani tulikuwa wakulima, wastaafu, Mwalimu aliyekuwa likizo, na mimi juu ya ramani. Katika yote niliyojisomea, hilo la saa ya mkutano sikulikuta popote. Au lilikuwepo nikaliruka.

Jioni Mama Editha akaniuliza mkutano umekwendaje.

"Vizuri sana," nikamjibu. "Wamehesabu."

Haikupita muda mrefu, tukaletewa taarifa: Upeponi imepata ruti ya majaribio. Gari litafika Jumatatu. Taarifa haikusema linakwenda wapi, na hakuna aliyeuliza. Ukiwa hujawahi kuona gari mtaani kwako, unaanza kwanza kufurahia magurudumu.

Jumatatu alfajiri kona ya barabara ilikuwa kama siku ya Pasaka. Mama Editha alikuwa mbele kabisa, mkasi wake mkubwa ndani ya kikapu, amevaa sweta ya kanisani. Aliniambia, "Likifika kweli, nitaifikiria cherehani." Wakuu, sijawahi kuipenda sentensi kama ile.

Haisi ikatokea. Nyeupe, imeoshwa. Watu wakapiga makofi. Ikageuza taratibu ili tuone kibao cha mbele.

UPEPONI – MUZE.

Dereva, jina lake Kreto, hakuwa na konda, alikuwa anajiitia mwenyewe dirishani. "Muze! Muze! Moja kwa moja Muze! Hatuingii mjini! Tunapita mchepuko, hatuingii mjini!"

Yule kijana, kwa huruma yake, alikuwa ameichora ruti ipite barabara ya nje ya mji, ili wazee wasichelewe kufika Muze.

Na ulikuwa mwezi wa tisa. Hata mbu wa Muze mwezi wa tisa wanakuwa wamepumzika. Hakuna anayeshuka.

Mtaa mzima ukageuka kuniangalia. Mke wangu hakugeuka. Aliongea akiwa anaangalia kibao.

"Baba Editha. Nikashone wapi? Muze?"

"Ni majaribio," nikasema.

"Yanamjaribu nani?"

Mzee Telesfori naye akawa anazunguka haisi, anachungulia nyuma. "Trekta liko wapi?"

Kreto alisubiri. Hakuna aliyepanda. Akaacha kuita, akaweka paji la uso kwenye usukani. Gari halikuwa lake, alitakiwa kupeleka hesabu jioni, na mtaa mzima ulikuwa umesimama unamwangalia kama mgonjwa.

Hapo ndipo Mama Editha alipomsogelea. (Hapa ndipo alipoongeza la kwake. Anasema alimsogelea kwa upole. Mimi nilikuwepo.)

"Kaka, wewe unalala wapi?"

"Majengo, dada."

"Asubuhi umetoka Majengo?"

"Tupu."

"Na sasa utakwenda Muze tupu?"

"Siwezi, dada. Mafuta. Itabidi nirudi Majengo kwanza nitafute abiria wa Muze."

"Unarudi Majengo sasa hivi?"

"Narudi."

"Kutafuta abiria wa Muze?"

"Ndiyo."

Mama Editha akafungua mlango wa haisi mwenyewe.

"Sisi ndio abiria wa Muze. Ila safari yetu itakatikia Majengo."

Kreto akainua kichwa. Nilimwona anaipima ile hoja kwa makini, akaikuta haina kasoro. Kwa dakika chache haisi ilikuwa imejaa wafagizi, wabeba magunia na mafundi cherehani, wote wakiwa, kwa mujibu wa kibao, wanakwenda bondeni kupanda mpunga.

Ikaendelea hivyo. Asubuhi abiria wote wa Muze wanaishia Majengo. Kreto anachukua wafanyabiashara wa kweli wa Muze, anashuka nao, anapanda na magunia ya mchele na samaki wa ziwani. Jioni, kwa kuwa ruti yake inaishia Upeponi, analazimika kuwaleta watu wetu nyumbani. Haisi ikanuka samaki. Hakuna aliyelalamika. Mama Editha akawa anarudi bado kuna mwanga wa jua.

Lakini cherehani ilibaki Majengo. Nilipouliza, alinijibu: "Hiyo ruti ni ya ujanja. Siku wakiigundua, itakufa. Siwezi kuhamishia cherehani kwenye ujanja." Na mwenye chumba alikuwa anasubiri jibu kabla ya mvua. Mawingu yalishaanza kukaa upande wa ziwa.

Wakaigundua.

Bwana Bakari alifurahishwa na habari kwamba ruti ya Muze inajaza kuliko zote, akaamua kuja kujionea. Akapanda nasi asubuhi moja Upeponi, ameshaongeza sweta ya tatu. Siku hiyo baiskeli yangu ilikuwa na pancha, kwa hiyo nilikuwemo, kiti cha nyuma, karibu na Mwalimu.

Tulipofika Majengo haisi nzima ikashuka. Bakari akabaki ndani peke yake, kama Mwalimu siku ile uwanjani. Akatoa kichwa dirishani.

"Jamani! Mbona wote mnashuka hapa? Si mliniambia mnashuka Muze?"

"Tunashuka Muze," akajibu mbeba magunia mmoja. "Hapa tunaingia kazini."

Niliona moyo wa kijana unavunjika. Nikaona pia ruti yetu inakufa. Mama Editha alikuwa ameshaniangalia, jicho ambalo ndani yake niliona chumba cha Majengo na kitasa chake.

Mwalimu Ambakisye akamshika Bakari mkono, akamweka kwenye benchi la muuza kahawa, akamfafanulia kama anavyofundisha darasani: kupanda mbegu, kupanda mlima, kupanda gari. Kushuka bondeni, kushuka kwenye gari. Kila maana na mfano wake.

Bakari akasikiliza. Halafu akauliza polepole:

"Kwa hiyo mzee... zile wiki tatu..."

"Mpunga," Mwalimu akasema.

Kijana akafunika uso. Tulidhani analia. Kumbe anacheka, na alicheka hadi muuza kahawa akamwondolea kikombe mkononi. Alipopata pumzi akatuambia kwamba habari ya mzee anayetumia wiki tatu kupanda gari aliisimulia makao makuu ya kazi yao, na mkubwa wake aliguswa sana, akasema nchi hii bado ina safari ndefu.

Kisha akaniuliza afanye nini. Nikaanza kumweleza niliyosoma kuhusu usafiri wa haki. Mama Editha akanikatisha.

"Njoo Jumapili jioni," akamwambia. "Misa imekwisha, soko limefungwa, watu wapo. Na usituulize tunapanda wapi wala tunashuka wapi. Tuulize tunalala wapi na tunafanya kazi wapi. Katikati ya hapo pitisha gari."

Wakuu, nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa. Hazikuwa na sentensi fupi kama hiyo.

Jumapili uwanja ulijaa hadi golini. Bakari aliuliza maswali mawili tu, kama alivyoelekezwa. Safari hii ramani niliifunga kwa kamba, nikasikiliza kwa masikio yote mawili. Ruti ikabadilishwa: Upeponi, hospitali, Majengo, asubuhi na jioni. Na kwa kuwa Mzee Telesfori alisimama akasema kwa sauti yake ile, "Na sisi wa kupanda mmetutupa?", wakakubaliana kwamba msimu wa kilimo Kreto atashuka Muze mwishoni mwa wiki.

Mzee akauliza tena kuhusu trekta. Akaambiwa ni ofisi nyingine. Sasa ameunda kamati ya trekta. Mimi nimekataa ukatibu. Mwalimu yumo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Nilikuwa mlangoni naangalia matope ya barabarani, na sikujua mwenye chumba alijibiwa nini. Sikuwa nimeuliza. Kuna vipimo mtu anaogopa kuvisoma.

Haisi ikaja taratibu, kibao kipya, taa zinawaka. Juu ya keria kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai na kufungwa kamba kwa uangalifu, miguu ya chuma imetokeza.

Kreto, ambaye anapenda kutania siku hizi, akauliza kwa sauti ya kituo kizima kusikia:

"Mama Editha! Unashuka wapi?"

"Sishuki popote," akajibu. "Mimi nakaa hapa."

Kisha akaniita nije nibebe cherehani kabla haijalowa.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Kabla hujachora mstari kwenye ramani ya watu, uliza maneno yao yana maana gani kinywani mwao, na uwaulize saa ambayo wapo. Ramani yenyewe si ngumu, mawe manne yanaitosha.

Huko kwenu nyumba na kazi zimeunganishwa vipi, au na nyinyi katikati mna upepo? Andikeni hapo chini, nasoma komenti zote. Na kama kuna anayejua neno jingine la kupanda gari, neno ambalo haliwezi kuota, naomba aliweke, nimpelekee Bwana Bakari.